Mfalme Aliyejifunza Kupumua: Maisha ya George wa Sita na Kigugumizi Chake

Utangulizi

Waswahili husema kuwa ulimi hauna mfupa. Kauli hii aghalabu hutumiwa kumwonya mja achunge anayoyatamka, kwa kuwa ulimi hujipinda upendavyo. Hata hivyo, wapo watu ambao ulimi wao ni kama uliotiwa mfupa. Neno wanalijua, maana yake wanaifahamu na nia ya kusema wanayo, lakini sauti haitoki. Hali hii ndiyo iitwayo kigugumizi. Kigugumizi hakichagui tabaka wala kabila; humpata mwana wa mkulima sawa na mwana wa mfalme. Mapokeo ya dini yanamtaja Nabii Musa kuwa mtu mwenye ulimi mzito, naye ndiye aliyetumwa kwenda kunena mbele ya Firauni. Katika karne ya 20, mmoja wa watu waliojulikana sana kwa kuwa na kigugumizi alikuwa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyetawala kuanzia mwaka 1936 hadi 1952.

Jina la mfalme huyu si geni katika Afrika Mashariki. Sura yake ilipigwa chapa kwenye sarafu zilizotumiwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Askari wa Keya walivuka mipaka na bahari kupigana vita kwa jina lake. Isitoshe, binti yake aliurithi ufalme akiwa katika ardhi ya Kenya. Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kwamba mtu huyu, ambaye amri zilitolewa kwa jina lake katika kila pembe ya himaya, alipata taabu kulitamka neno mfalme katika lugha yake mwenyewe. Lililomwezesha hatimaye kunena mbele ya mamilioni ya watu ni jambo ambalo kila kiumbe hulifanya pasi na kufikiri, yaani kuvuta na kutoa pumzi.

Kuzaliwa na Malezi

George wa Sita alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895 katika nyumba iitwayo York Cottage, huko Sandringham, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa kitukuu wa Malkia Victoria. Siku aliyozaliwa ilisadifu kuwa ile ile aliyofariki Mwanamfalme Albert, mumewe Victoria, mnamo mwaka 1861. Ili kumliwaza ajuza huyo aliyekuwa bado akimwomboleza mumewe, mtoto alipewa jina Albert, na jamaa zake wakazoea kumwita Bertie. Jina la George alilichukua baadaye sana, aliposhika ufalme, ili kuonyesha kwamba alikuwa akifuata nyayo za babake, Mfalme George wa Tano.

Malezi yake hayakuwa mepesi licha ya utajiri uliomzunguka. Yaya wake wa kwanza alimpendelea kakake mkubwa, Edward, na kumpuuza yeye. Akaanza kusumbuliwa na maradhi ya tumbo yaliyomwandama kwa miaka mingi. Magoti yake yaligongana, hivyo akafungwa vyuma miguuni ili yanyooke. Aidha, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, lakini akalazimishwa kuandika kwa mkono wa kulia kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Alipofikia umri wa takriban miaka 8, kigugumizi kikadhihirika.

Waandishi wengi wamekihusisha kigugumizi hicho na kulazimishwa kubadili mkono pamoja na ukali wa malezi. Wataalamu wa siku hizi wana tahadhari zaidi. Wanaeleza kwamba chanzo cha kigugumizi aghalabu ni urithi pamoja na namna ubongo unavyoratibu viungo vya usemi. Woga na fedheha si mzizi wake, lakini hukikoleza. Hapana shaka kwamba mwana huyu wa mfalme alikolezewa vya kutosha. Babake, aliyepata malezi ya jeshi la majini, hakuwa na subira. Kila mtoto alipokwama, alimhimiza kwa ukali alitoe neno hilo. Fauka ya hayo, ilikuwa desturi ya jamaa hiyo kwamba siku za kuzaliwa za wakubwa, watoto wasimame na kughani mashairi waliyoyahifadhi, wakati mwingine kwa Kifaransa na Kijerumani. Kwa Bertie, siku za furaha za wenzake zikageuka kuwa siku za mateso.

Neno Lisilotamkika

Mnamo mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 13, alipelekwa katika Chuo cha Kifalme cha Wanamaji huko Osborne. Inasimuliwa kwamba siku moja, katika somo la hisabati, mwalimu alimuuliza nusu ya nusu ni nini. Jibu alilijua. Tatizo ni kwamba neno la Kiingereza lenye maana ya robo huanza kwa sauti /k/, na sauti hiyo ilikuwa adui yake mkubwa. Akanyamaza. Mwalimu akauchukulia ukimya huo kuwa ujinga. Katika mtihani wa mwisho mwaka 1911 alishika mkia darasani, ingawa aliruhusiwa kuendelea na masomo katika chuo cha Dartmouth.

Tukio hilo linafaa kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu. Sauti zilizomtesa zaidi zilikuwa /k/ na /g/, ambazo ni vipasuo vya kaakaa laini. Kwa bahati mbaya, maneno ya Kiingereza yenye maana ya mfalme na malkia yote mawili huanza kwa /k/. Mtu aliyezaliwa katika jamaa ya kifalme angewezaje kuyakwepa? Alitafuta njia za mzunguko. Badala ya kumtaja mfalme moja kwa moja, alitumia lakabu ya heshima isiyoanza kwa sauti hiyo. Wasikilizaji walidhani ni adabu tu, kumbe ilikuwa mbinu ya kujinusuru. Kigugumizi chake hakikuwa hasa cha kurudiarudia silabi. Kilikuwa cha kukwama. Taya lilikaza, misuli ya uso na koo ikafanya kazi bure, na kimya kirefu kikatanda hadi neno litoke au liachwe.

Alipokuwa mtu mzima, alionyesha kwamba woga wake haukuwa wa hatari bali wa maneno. Alihudumu katika meli ya kivita iitwayo Collingwood, na tarehe 31 Mei 1916 alikuwamo katika mapigano makali ya majini ya Jutland. Maradhi ya vidonda vya tumbo yalimfanya apasuliwe mwaka 1917. Alijiunga na jeshi la anga, akafuzu kuwa rubani mwaka 1919, kisha akasoma kwa muda katika Chuo cha Trinity, Cambridge. Mwaka 1920 babake alimpa cheo cha Mtawala wa York. Tarehe 26 Aprili 1923 alimwoa Elizabeth Bowes-Lyon, mwanamke ambaye alikuwa amemkatalia posa kabla ya kukubali, na ambaye alikuja kuwa nguzo ya maisha yake.

Mwishoni mwa mwaka 1924 wawili hao walishuka Mombasa na kuanza ziara ya miezi kadhaa. Walizuru Kenya na Uganda, kisha wakashuka na Mto Nile kupitia Sudan hadi waliporejea kwao mnamo Aprili 1925. Muda mwingi waliutumia porini wakiwinda na kulala katika mahema. Ilikuwa nchi ambamo wenyeji walikuwa wamenyang'anywa ardhi yao iliyo bora na kupewa walowezi, na ziara kama hiyo ilikuwa sehemu ya fahari ya himaya. Kwa upande wa mtawala huyo kijana, ilikuwa pia likizo ya ulimi wake, maana porini hapakuwa na jukwaa wala kipaza sauti.

Vyote viwili vilikuwa vikimngoja Uingereza. Tarehe 31 Oktoba 1925 alitakiwa kutoa hotuba ya kuyafunga Maonyesho ya Himaya ya Uingereza huko Wembley, London. Alikuwa ameifanyia mazoezi, lakini mbele ya umati akakwama mara kwa mara. Vipaza sauti, ambavyo vilikuwa teknolojia mpya ya wakati huo, vilivikuza vimya vyake kama vilivyoyakuza maneno yake. Hotuba ilikuwa mateso kwake na kwa waliomsikiliza. Wakati huohuo alijua kwamba mwanzoni mwa mwaka 1927 angetumwa Australia, safari ambayo ingemlazimu kuhutubu mara nyingi.

Mtaa wa Harley

Kabla ya hapo alikuwa amewaona wataalamu kadhaa, na kila mmoja alimwahidi nafuu ambayo haikuja. Alikata tamaa, akaamini kwamba kasoro hiyo imo akilini mwake na haiwezi kuondoka. Ni mkewe aliyemshawishi ajaribu mara moja zaidi. Tarehe 19 Oktoba 1926, saa tisa alasiri, aliingia katika chumba cha mtu aliyeitwa Lionel Logue, katika mtaa wa Harley jijini London.

Logue alizaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1880. Hakuwa daktari na hakuwa na shahada yoyote ya utabibu. Alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kunena, mtu wa jukwaani aliyependa kughani na kuigiza, na alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika mji wa Perth. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, walirejea Australia askari ambao sauti zao ziliharibiwa na gesi ya sumu au na mshtuko wa mizinga. Logue alianza kuwasaidia kwa mazoezi ya kupumua na kutamka, na akagundua kwamba baadhi yao walipata tena uwezo wa kusema. Mwaka 1924 alihamia Uingereza pamoja na jamaa yake na kufungua ofisi katika mtaa huo ulioshika sifa kwa madaktari wake.

Logue alishikilia kwamba mgonjwa huyu aje ofisini kwake kama wagonjwa wengine. Hilo halikuwa jeuri. Alitaka mgonjwa afunge safari kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuwa aliamini kwamba mwenye kigugumizi hatibiwi na mtu mwingine bali hujitibu, na kazi ya mwalimu ni kumwonyesha njia tu. Wakazungumza hadi saa kumi na moja jioni. Mtawala wa York aliingia akiwa amechoka na kunyong'onyea, akaondoka akiwa na matumaini.

Pumzi kama Msingi wa Usemi

Alichokiona Logue katika uchunguzi wake kinavutia. Kifua cha mgonjwa kilikuwa kizuri, na sehemu ya juu ya mapafu yake ilifanya kazi barabara. Ila hakuwa amezoea kuitumia sehemu ya chini ya mapafu wala kiwambo, yaani ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, unaotenganisha kifua na tumbo. Misuli ya kiuno na tumbo ilikuwa imelegea. Kwa hivyo pumzi yake ilikuwa fupi na ya juujuu, na koo na kiwambo havikufanya kazi kwa ushirikiano. Logue alimhakikishia kwamba akili yake ni timamu na kwamba tatizo linaweza kushughulikiwa kwa kazi ya mwili. Huenda maneno hayo yalikuwa dawa ya kwanza.

Mwanafunzi wa fonetiki anafahamu kwamba sauti nyingi za lugha hutamkwa kwa mkondo wa hewa utokao mapafuni. Hewa hupita kooni, nyuzi za sauti zikatetemeka au zikatulia, kisha ulimi, meno, midomo na kaakaa zikaifinyanga hewa hiyo kuwa vokali na konsonanti. Vitabu vingi huligusia suala la mapafu kwa aya moja, kisha vikakimbilia kinywani. Kwa mwenye kigugumizi, aya hiyo moja ni kitabu kizima. Aghalabu hujaribu kusema wakati pumzi imekwisha, ama huibana hewa kifuani ilhali nyuzi za sauti zimefungana. Kadiri anavyosukuma ndivyo mlango unavyozidi kujifunga. Vipasuo humwadhibu zaidi kwa sababu huhitaji hewa izuiwe kabisa kwanza, kisha iachiliwe ghafla. Aliyekwama hubaki katika hatua ile ya kuzuia.

Mazoezi aliyopewa yalikuwa mepesi kuyaeleza lakini magumu kuyadumisha. Alitakiwa kufanya mazoezi ya sauti kwa muda wa saa moja kila siku. Alisukutua koo kwa maji yenye uvuguvugu. Alisimama mbele ya dirisha lililo wazi na kuzitamka vokali kwa sauti ya juu, moja baada ya nyingine, kila moja kwa sekunde 15. Zoezi hilo linaonekana la kitoto, lakini lina mantiki yake. Vokali hutamkwa bila kizuizi kinywani, kwa hivyo anayeitamka vokali kwa sekunde 15 analazimika kuivuta pumzi hadi chini na kuiachilia polepole, pasi na kukabiliana na adui yake konsonanti. Mwili unajifunza kwanza jinsi sauti inavyotiririka. Baada ya hapo ndipo yalipofuata maneno na vitanzandimi, ambavyo mwanafunzi wa fasihi simulizi anavijua vyema kwa kazi yake ya kuuzoesha ulimi matamshi magumu.

Msingi wa mazoezi ya aina hii ni kupumua kwa kiwambo. Hewa inapoingia, tumbo hututumka na mabega hayapandi. Sauti huanzishwa wakati pumzi imeshaanza kutoka, bila kuisukuma. Sentensi ndefu hugawanywa katika vifungu vifupi, na kila kifungu hupewa pumzi yake. Logue alipozipitia hotuba za mgonjwa wake, alitia alama mahali pa kutua, na maneno yaliyoanza kwa sauti za hatari akayabadilisha kwa visawe. Kwa njia hiyo kimya, kilichokuwa aibu, kikageuzwa kuwa kituo. Msikilizaji hakujua ni kituo kipi kilichokuwa cha maana na kipi kilichokuwa cha kupumua.

Kuanzia Oktoba 1926 hadi Desemba 1927, walikutana mara 82. Idadi hiyo ndiyo inayostahili kukumbukwa kuliko kipaji cha mwalimu au cheo cha mwanafunzi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijazwa kwa pumzi moja moja.

Canberra

Mwezi Januari 1927 Mtawala wa York na mkewe waliabiri meli iitwayo Renown kuelekea New Zealand na Australia. Tarehe 9 Mei 1927 alilifungua rasmi jengo jipya la Bunge mjini Canberra. Alihutubu nje mbele ya umati, kisha ndani mbele ya wajumbe, na maneno yakatoka. Hakuwa msemaji wa kusisimua, bali msemaji wa pole na makini. Ikilinganishwa na yaliyotokea Wembley miezi 18 iliyotangulia, ilikuwa hatua kubwa. Babake aliridhika, na uhusiano wao ukawa mwema kuliko ulivyokuwa tangu utotoni.

Hapa ni muhimu kusahihisha dhana iliyoenezwa na filamu mashuhuri ya mwaka 2010 kuhusu maisha yake. Filamu hiyo inaonyesha kana kwamba mafunzo yalianza katika miaka ya 1930, muda mfupi kabla ya ufalme, na kwamba mwalimu alimwita mwanafunzi wake kwa jina la utotoni. Ukweli ni kwamba kazi kubwa ilifanyika mapema, miaka 10 kabla ya kutawazwa, na barua zao zinaonyesha urafiki uliofungamana na heshima ya cheo. Filamu ilihitaji mvutano wa kidrama. Maisha yalikuwa na uvumilivu wa muda mrefu, ambao ni mgumu zaidi kuuweka kwenye skrini.

Taji Asilolitarajia

Mfalme George wa Tano alifariki tarehe 20 Januari 1936. Mwanawe wa kwanza akatawala kwa jina la Edward wa Nane, lakini hakufikisha mwaka. Tarehe 11 Desemba 1936 aliuacha ufalme ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke Mmarekani aliyekuwa ametalikiana na mume wa kwanza na kesi ya kutengana na wa pili ikiendelea. Taji likamwangukia mdogo wake, mtu ambaye hakulitaka wala kuandaliwa kwa ajili yake. Kilichomtia hofu zaidi ni kwamba zama zilikuwa zimebadilika. Babu zake walitawala kwa kuonekana. Yeye alitakiwa kutawala kwa kusikika, kwa sababu redio ilikuwa imeingia majumbani. Siku chache baadaye, Askofu Mkuu wa Canterbury, Cosmo Lang, alikitaja kigugumizi hicho hadharani katika hotuba ya redio, huenda kwa nia njema, lakini akawa ameuamsha wasiwasi wa watu.

Logue aliitwa tena. Walifanya mazoezi ya maneno ya ibada ya kutawazwa pamoja na hotuba ya redio ya jioni yake. Tarehe 12 Mei 1937 mfalme alitoa viapo vyake katika kanisa la Westminster Abbey bila kukwama kwa namna ya kumwaibisha, na jioni akaihutubia himaya nzima. Alipendelea kuzungumza redioni akiwa amesimama, kwani kusimama hukipa kifua na tumbo nafasi ya kufanya kazi.

Mtihani mkubwa ulikuwa Jumapili ya tarehe 3 Septemba 1939. Asubuhi Uingereza ilitangaza kuwa imo vitani dhidi ya Ujerumani. Saa kumi na mbili jioni mfalme alisimama katika chumba kidogo ndani ya Kasri la Buckingham, mbele ya kipaza sauti, Logue akiwa kando yake. Hotuba ilidumu kwa takriban dakika 6. Anayeisikiliza rekodi yake leo husikia mtu anayekwenda hatua kwa hatua, akitua baada ya maneno machache, wakati mwingine mahali ambapo sarufi haidai kituo. Kigugumizi kimo, lakini kimedhibitiwa. Kwa watu waliokuwa wakiingia katika vita wasivyojua mwisho wake, sauti iliyokuwa ikipigana na kushinda polepole ilikuwa na uzito kuliko ufasaha wa mtu asiyejua taabu.

Tarehe 13 Septemba 1940 mabomu yaliliangukia kasri hilo yeye na mkewe wakiwamo. Hawakuihama London. Kila Krismasi ya miaka ya vita alizungumza redioni, na tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi yalipotua Normandy, alihutubu tena. Krismasi ya mwaka huo ndiyo ya kwanza ambayo Logue hakuwapo kando yake. Mfalme alizungumza peke yake, na mwalimu akamsikiliza kutoka nyumbani. Mwalimu mwema hujua wakati wa kuondoka.

Sauti hiyo ilifika Afrika pia. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wamejiunga na Keya na kupigana Ethiopia mwaka 1941, kisha Burma. Waliambiwa kwamba vita hivyo ni vya kuutetea uhuru. Waliporudi nyumbani, wengi waliukuta ukoloni ule ule na uhaba ule ule wa ardhi. Ni kinaya cha historia kwamba mfalme aliyeijua vyema taabu ya kutosikika alikuwa mkuu wa himaya ambamo mamilioni ya watu wenye ndimi timamu hawakupewa nafasi ya kusikilizwa.

Pafu Moja

Vita vilimchosha, na sigara alizovuta kwa wingi tangu ujana zilimmaliza. Tarehe 23 Septemba 1951 alipasuliwa na pafu lake la kushoto likaondolewa kutokana na saratani. Mtu aliyejenga usemi wake juu ya pumzi akabaki na nusu ya kiwanda cha kuitengenezea. Hotuba ya Krismasi ya mwaka huo hakuweza kuitoa moja kwa moja hewani. Ilirekodiwa mapema kwa vipande vifupi, kisha ikaunganishwa. Alirudi kule alikoanzia, kifungu kimoja kwa pumzi moja.

Tarehe 31 Januari 1952 alikwenda uwanja wa ndege wa London kumuaga binti yake Elizabeth na mumewe Philip, waliokuwa wakianza safari ya kumwakilisha, kituo cha kwanza kikiwa Kenya. Alifajiri siku ya tarehe 6 Februari 1952, akiwa usingizini huko Sandringham, akiwa na umri wa miaka 56. Usiku huo binti yake alikuwa Treetops, katika msitu wa Aberdare, na habari zilimfikia Sagana, si mbali na Nyeri. Miezi 8 baadaye, mnamo Oktoba 1952, hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na katika misitu iyo hiyo sauti nyingine zilizozuiwa kwa muda mrefu zikadai kusikilizwa. Lionel Logue naye alifariki mwezi Aprili 1953.

Hitimisho

Mwenye kovu usidhani kapoa. George wa Sita hakupona kigugumizi hadi alipoingia kaburini, na ni kosa kumsimulia kana kwamba alipona. Mazoezi ya kupumua si hirizi. Huwafaa wengine sana, wengine kidogo, na hadi leo wataalamu huyachanganya na mbinu nyingine. Alichokipata mfalme huyu ni namna ya kuishi na kigugumizi bila kunyamazishwa nacho. Alikipata kwa mambo matatu: pumzi iliyofunzwa kila siku, matini yaliyoandaliwa kulingana na uwezo wake, na msikilizaji mmoja ambaye hakumharakisha.

Wengi wanaosoma Kiswahili vyuoni huishia kuwa walimu. Katika madarasa yao hatakosekana mwanafunzi ambaye, akiombwa asome kifungu kwa sauti, hukwama katika neno la kwanza huku wenzake wakicheka. Mwanafunzi huyo huenda analijua jibu kama yule mvulana wa Osborne alivyoijua nusu ya nusu. Asikatizwe, asimaliziwe neno, wala asiambiwe alitoe haraka. Apewe muda wa kuvuta pumzi.